Usimpe Mbwa Mgeni Zamu Usiku wa Kwanza

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila juma.)

Katika miji yetu mbwa huhama nyumba mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Mtumishi anahamishiwa mkoa mwingine, na mbwa wake anabaki kwa jirani. Mwenye nyumba mpya kule Mbezi au Tegeta, ambaye ukuta wake haujakamilika na mabati yake bado yamelala nje, anapeleka habari kijijini aletewe mbwa. Mama mzee anauza nyumba na kwenda kuishi kwa mwanawe asiyetaka mbwa. Wengine huwachukua kwenye vyama vya kuhudumia wanyama, kama kile cha KSPCA kule Nairobi. Kwa njia moja au nyingine, kila siku yuko mbwa mahali fulani anayeshushwa kutoka kwenye gari, mbele ya geti asilolijua, kwa watu asiowajua.

Mambo yanayofuata mara nyingi hufanana. Mbwa amesafiri kutwa nzima ndani ya gunia, kichwa tu kikiwa nje, pamoja na kuku na ndizi. Akifika anafungwa mnyororo kwenye mwembe. Watoto wa nyumba hiyo, pamoja na wa nyumba ya pili na ya tatu, wanakuja kumtazama. Mmoja anamtupia mfupa, mwingine anamchokoza kwa kijiti aone kama ni mkali. Jioni baba anaagiza mbwa afunguliwe aanze kulinda. Usiku mbwa analia mpaka alfajiri, na majirani wananuna. Siku ya tatu anamuuma msichana wa kazi aliyepita karibu na sahani yake. Siku ya tano kamba imekatika na mbwa hayupo. Hapo ndipo hukumu inapotolewa: mbwa yule alikuwa mbovu, tutafutiwe mwingine.

Leo napenda tulitazame jambo hili kwa upande wa yule mbwa. Sifanyi hivyo kwa ajili ya huruma peke yake, ingawa huruma nayo haijapigwa marufuku. Mbwa aliyepokewa vibaya ni hatari kwa watoto wa nyumba hiyo, na mbwa aliyetoroka bila chanjo ni hatari kwa mtaa mzima. Mwenye nyumba anapata hasara mara mbili: hana mlinzi, na ana gharama ya hospitali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbwa hapewi hata hizo siku mbili. Jembe lake anakabidhiwa usiku ule ule wa kwanza, aambiwe alinde. Hebu tujiulize, alinde nini? Hajui ukuta huu unaishia wapi. Hajui kwamba kijana anayeingia saa nne ya usiku ni mtoto wa nyumba na kwamba yule anayechungulia juu ya michongoma si mtu wa humu. Kwake wote wawili ni wageni, na mgeni wa kwanza kabisa ni yeye mwenyewe.

Tukumbuke pia kwamba mbwa huijua dunia kwa pua kabla ya macho. Kule alikotoka alijua harufu ya kila mtu, ya kila mti na ya kila mbwa aliyepita njiani. Tangu alipopandishwa garini harufu zote hizo zimefutika. Mwanadamu aliyehamia mji mgeni anaweza kuelezwa sababu, akaandika barua nyumbani au akapiga simu. Mbwa hana wa kumweleza. Kwa hiyo hufanya kile ambacho kila kiumbe mwenye hofu hufanya: hujificha, au hukimbia, au akibanwa kona, huuma.

Watu wenye uzoefu wa kupokea mbwa wakubwa wana kipimo chao cha kukadiria. Husema siku 3 za kwanza ni za mshtuko, majuma 3 ni ya kujifunza desturi za nyumba, na miezi 3 ndipo mbwa hujiona yuko kwake. Hiki si kipimo cha mizani. Yuko mbwa atakayezoea kwa juma moja, na yuko aliyepigwa sana huko alikotoka ambaye atahitaji nusu mwaka. Lakini kipimo hiki kinatufaa kwa jambo moja muhimu, nalo ni kutotoa hukumu mapema. Mbwa anayelala kimya kwenye kona siku mbili, hali wala habweki, watu husifu kwamba ni mpole. Huenda si mpole hata kidogo. Ameganda kwa hofu. Tabia yake halisi utaiona juma la tatu, mema yake na mabaya yake. Ndiyo maana watu wengine hulalamika kwamba mbwa wao alibadilika ghafla. Hakubadilika. Alianza kujisikia huru.

Matayarisho huanza kabla mbwa hajafika. Tafuta mahali pake pa kulala, na pawe pale pale bila kuhamishwa. Katika joto la Dar es Salaam, banda la mabati lililoko juani saa saba mchana ni tanuri. Banda liwe kivulini, sakafu yake iwe kavu, na uwazi wake utazame mahali ambapo mbwa anaweza kuona watu wa nyumbani bila kukanyagwa nao. Zunguka ua na kuziba matundu ya chini ya ukuta na pembeni mwa geti, maana mbwa mwenye hofu hupenya mahali ambapo hungeamini. Maji ya kunywa yawepo mchana na usiku, katika chombo kizito asichoweza kukipindua.

Jambo jingine ni dogo na halina gharama, lakini wachache hulifanya. Unapokwenda kumchukua mbwa, omba lile gunia au kile kitambaa kikuukuu alichokuwa akilalia. Usikifue. Kitie katika banda lake jipya. Hicho ndicho kipande pekee cha nyumba ya zamani atakachokuwa nacho, na usiku wa kwanza kitafanya kazi ambayo bembelezo la mtu haliwezi kuifanya. Uliza pia alikuwa akiitwaje, akila nini na saa ngapi, na maneno gani aliyozoea kuambiwa. Mbwa aliyezoea kuitwa Simba kwa miaka mitatu hana sababu ya kugeuka leo akiitwa Rambo. Wapo watu, hili twalijua, ambao humpa mbwa jina la fumbo ili kumpiga kijembe jirani, jina refu kama methali. Jirani atalielewa, lakini mbwa hatalielewa. Jina la silabi mbili tatu linamtosha.

Mlete saa ya utulivu. Jumamosi ya sherehe, wakati muziki umefunguliwa na magari yamejaa uani, si siku ya kumleta mbwa, na wala si mkesha wa Mwaka Mpya fataki zikilia. Akishuka, mshike kwa kamba na umzungushe polepole ndani ya ua, umwache anuse atakavyo. Anuse nguzo, anuse pipa, anuse viatu vya babu vilivyoachwa kibarazani. Anapoonekana anapoteza wakati ndipo anaposoma habari za nyumba nzima. Kisha mwonyeshe maji, mwonyeshe mahali pake, na umwache. Msimzingire. Watoto wamtazame kwa mbali, na kila mmoja apate zamu yake siku zijazo. Anayetaka urafiki achutame ubavu ubavu, asimkazie macho, amwache mbwa aje mwenyewe. Mkono unaotoka juu kumpiga kichwani, hata kama ni wa kumpapasa, mbwa asiyemjua mwenye mkono huuona kama kofi.

Siku za mwanzo mtu mmoja ndiye ampe chakula, saa zile zile, kwa sauti ile ile. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula, aligundua kwamba mbwa walianza kudondosha mate kabla ya kuona chakula, kwa ishara tu iliyozoeleka kutangulia chakula. Mama lishe yeyote mwenye mbwa wanaomzungukazunguka angeweza kumwambia hivyo, lakini yeye ndiye aliyepima. Kwa mwenye mbwa maana yake ni hii: nyayo za yule anayemlisha zitageuka kuwa habari njema. Baada ya juma moja, mtu wa pili ashike sahani, kisha wa tatu, mpaka kila mtu wa nyumba, akiwamo msichana wa kazi na mlinzi wa geti, awe amewahi kuwa ndiye mleta heri.

Sasa tuje kwenye mnyororo. Ninajua ninagusa desturi ya mitaa mingi. Mbwa hufungwa mchana kutwa, hufunguliwa usiku, na wengi huamini kwamba kufungwa ndiko kunakomfanya awe mkali. Ni kweli hukasirika. Lakini hasira ya mbwa wa mnyororo haichagui. Amezuiwa kukimbia, kwa hiyo katika zile njia za mwenye hofu amebakiwa na moja tu, ya kuuma, na anayefika mbele ya meno yake mara nyingi ni mtoto aliyefuata mpira. Mwizi anajua urefu wa mnyororo, mtoto hajui. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, lakini hata tukiiweka sheria pembeni, mlinzi anayemtisha mwenye mali kuliko mwizi ni mlinzi wa namna gani? Siku za mwanzo, kama ua haujafungika vizuri, kamba inahitajika. Iwe ndefu, ifikie maji na kivuli, na isiwe mahali ambapo watu hupita. Likamilike geti, kamba itoke.

Kuna imani nyingine mbaya zaidi, ya kumlisha mbwa pilipili, au bangi, au hata baruti ya risasi ili awe mkali. Pilipili humuunguza tumbo. Bangi humlevya, akayumba na kujikojolea. Baruti ni sumu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomfundisha mbwa kupambanua mwenyeji na mgeni, na hiyo ndiyo kazi yote ya mbwa wa ulinzi. Kupambanua huko huja peke yake. Mbwa akishajua watu wa nyumba ni nani na mipaka ni ipi, atabweka bila kuagizwa, kwa kawaida kati ya juma la pili na miezi michache. Kabweko kake ka kwanza, kadogo, ka mashaka, huku akigeuka nyuma kukutazama, ndiyo dalili kwamba ameanza kuiita nyumba hiyo yake.

Na kilio cha usiku je? Hili ndilo linalowafanya wengi wakate tamaa. Mbwa analia kwa sababu yuko peke yake katika giza la harufu ngeni. Kumpiga kunamwongezea sababu ya kulia. Kumkimbilia kila anapolia kunamfundisha kwamba kilio huleta watu. Njia ya katikati ni hii: kwa usiku mbili tatu za kwanza mlaze karibu na dirisha la chumba chenye watu, asikie kikohozi na mazungumzo, mtembeze jioni mpaka achoke, mpe chakula chake kikuu usiku kuliko mchana, maana shibe ni usingizi kwa mbwa kama ilivyo kwetu. Waarifu majirani kwamba una mgeni na kwamba ni kwa siku chache. Jirani aliyearifiwa huvumilia mengi.

Wapo wasikilizaji, hasa wa Pwani na Visiwani, ambao kwa mafundisho ya dini yao mate ya mbwa ni najisi, lakini wanafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi au mifugo, jambo lililo na ruhusa yake. Wasidhani kwamba haya yote yanawataka wamwingize mbwa sebuleni. Mbwa huzoea vizuri sana akiwa uani, mradi ana mahali pake, ana ratiba, ana sauti anayoijua. Hitaji lake la kwanza ni kujua la kutarajia. Kapeti hajaliomba.

Ndugu wasikilizaji, kama kuna sehemu moja ya mazungumzo haya ambayo ningependa wazazi waisikilize kwa makini, ni hii ya lugha ya mbwa. Watu husema alimuuma mtoto bila onyo. Mara chache sana huwa hivyo. Mbwa hutoa onyo, tena mengi, ila hatukufundishwa kuyasoma. La kwanza ni la kimya: hugeuza kichwa pembeni, hulamba pua yake ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi. Likipuuzwa, hurudisha masikio nyuma, huficha mkia katikati ya miguu, hujikunyata, na weupe wa jicho huonekana pembeni. Likipuuzwa tena, mwili wote hukakamaa na kuwa kama gogo. Kisha hunguruma. Kisha huonyesha meno. Mpaka anauma, amekwisha kusema mara tano sita, kwa lugha yake, naomba uniache.

Kwa hiyo usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Mngurumo ni kengele. Ukimpiga kila anaponguruma, hofu itabaki pale pale na kengele utakuwa umeiondoa. Siku nyingine atauma kimya kimya. Anaponguruma, ondoa kile kinachomtisha, kisha ukae ufikiri kwa nini. Na mkia unaotikisika nao usiwadanganye. Mkia uliolegea unaopeperuka pamoja na kiuno chote ni furaha. Mkia uliosimama wima, mgumu, ukitetemeka nchani, ni mbwa anayepima kama akurukie.

Watoto wafundishwe mambo machache na wayajue kama wanavyojua kuvuka barabara. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa aliyelala haamshwi kwa kushikwa. Huitwa kwa mbali. Mbwa hakumbatiwi shingoni, hata kama picha za kwenye kalenda zinaonyesha hivyo. Hakimbiwi, kwa sababu kinachokimbia hukimbizwa. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, awe mgeni au mwenyeji. Hili la mwisho si kazi ya mtoto kulikumbuka. Ni la mtu mzima.

Hofu hii ya watoto kuumwa ina jina, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wote waliupata kwa mbwa. Katika kila waathirika 10, takriban 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika kabisa kwa chanjo.

Mbwa mgeni anahusika hapa kwa namna ya pekee. Virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini mwa mbwa kwa majuma au miezi kabla ya dalili yoyote. Maana yake ni kwamba mbwa mzuri, mwenye afya, anayekula vizuri, aliyeletwa leo kutoka mahali usipopajua, anaweza kuwa ameubeba. Usikubali mbwa kwa maneno ya "amechanjwa huyu". Omba kadi, soma tarehe. Kama hakuna kadi, daktari wa mifugo amwone katika juma la kwanza, na mpaka kinga ishike, yapata majuma matatu au manne, abaki ndani ya ua wako. Chanjo hurudiwa kwa muda ambao daktari atauandika, kwa kawaida kila mwaka.

Kwa anayedhani haya ni maneno ya kutishana, ataje Pemba. Kisiwa kile kilifanikiwa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Kisha uchanjaji ukalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, ukiingizwa kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi kazi ya kuchanja na kufuatilia kila aliyeumwa ianze upya, mpaka ukatokomezwa tena mwaka 2018. Kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote, na bado ugonjwa ulipata nauli. Sembuse Buguruni au Kibaha, ambako mbwa hushuka kwenye basi.

Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa na meno, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa. Usitie pilipili, usitie mafuta ya taa, usitie majani. Kisha hospitali, siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa kwenu. Mbwa naye asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama. Akiangaliwa siku 10 na akabaki mzima, daktari anapata habari yenye thamani kubwa kwa aliyeumwa. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mgunduzi wa chanjo ya ugonjwa huu, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huendesha chanjo ya mbwa wakati huo.

Juu ya chakula sitasema mengi. Kibadilishwe polepole kwa muda wa juma zima, kidogo cha zamani na kidogo cha kipya, la sivyo mbwa atahara na mtadhani amelogwa. Ugali wa dona na dagaa waliochemshwa ni chakula kizuri. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu vingi si mazuri, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Matumbo mabichi ya machinjioni yana minyoo ambayo inaweza kufika kwa watu. Dawa ya minyoo na ya kupe apewe daktari anapokuja kwa ajili ya chanjo, mambo yakamalizwa kwa safari moja.

Watoto wa mbwa wanaouzwa kando ya barabara wana taabu yao wenyewe. Mara nyingi wametengwa na mama yao wakiwa na majuma manne au matano, ingawa walistahili kukaa naye majuma 8. Wengi wameshikana mikono na kila mpita njia na kila ugonjwa, hasa ule wa kuhara damu uitwao pavo, ulioibuka duniani mwaka 1978 na ambao bado unaua vijibwa kwa siku mbili tatu. Ukimhurumia ukamnunua, mpeleke kwa daktari kabla ya kumpeleka nyumbani. Faida yake ni moja: kabla hajatimiza majuma kama 12 hadi 14 mtoto wa mbwa huzoea karibu kila kitu anachoonyeshwa kwa upole, kuanzia bodaboda na mvua ya masika hadi mzee mwenye bakora na mwanamke mwenye buibui. Asichokiona wakati huo huenda akakiogopa maisha yake yote.

Na tusiwadharau mbwa wetu wa kienyeji, hawa tunaowaita koko kwa kukunja pua. Ulaya na Marekani watu hulipa fedha nyingi kwa mbwa aitwaye basenji, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, asiyebweka sana. Asili yake ni Kongo. Angeletwa Manzese tungemwita koko.

Pamoja na juhudi zote, mbwa anaweza kutoroka. Usikimbize huku ukipiga kelele. Utamfukuza mbali zaidi. Siku za kwanza mbwa mgeni mara nyingi hajaenda mbali, amejificha mchana mtaroni au kwenye jengo lisilokwisha, na hutoka usiku kukiwa kimya. Atafutwe saa hizo, na yule anayemlisha, kwa jina lake la zamani. Lile gunia lake liwekwe nje ya geti na chakula kando yake. Wapeni habari mlinzi wa mtaa na vijana wa kijiwe cha bodaboda, wao huona kila kitu. Piga simu pia kule alikotoka, kama si mbali, maana mbwa wengine hujaribu kurudi.

Namalizia na barua ya msikilizaji mmoja wa Tabata. Amepata uhamisho, anaondoka mwezi ujao, na mbwa wake wa miaka minne atamwachia shemeji yake. Anauliza afanye nini. Shemeji aje mara tatu au nne kabla ya kuondoka kwako, na kila mara yeye ndiye ampe mbwa chakula. Mpelekeni mbwa kwa shemeji mara moja kwa matembezi ya mchana na kumrudisha. Andika kwenye karatasi jina lake, maneno anayoyajua, saa zake za kula, asichokipenda, na tarehe ya chanjo ya mwisho, na kadi yenyewe ubandike hapo hapo. Na ukishamwaga usibaki getini ukimwita. Ondoka.